Kuhamisha jarida la chama mtandaoni: msianze na websaiti

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha kisayansi, wanachama kama mia mbili hivi. Tuna jarida letu la karatasi linatoka mara mbili kwa mwaka tangu miaka ya themanini. Miswada inaenda kwenye imeili binafsi ya mhariri wetu ambaye ni profesa mstaafu, wengine wanampelekea nyumbani kwa fleshi, na wahakiki anawapigia simu mwenyewe. Mkutano mkuu umepitisha kwamba mawasiliano yote ya jarida yahamie mtandaoni na mimi ndo nimekabidhiwa hiyo kazi. Kijana wa IT anasema atatutengenezea websaiti kwa milioni nne. Tuanze nayo? Na wazee ambao hawataki kabisa mambo ya mtandao tuwafanyeje?"

Marahaba dada Katibu. Pole na hongera kwa pamoja, maana hii kazi huwa wanapewa makatibu kwa sababu wengine wote kwenye mkutano wameangalia chini.

Hiyo milioni nne ishikilie kwanza. Usimwambie kijana hapana, mwambie subiri. Nimesoma swali lako mara mbili na sioni sehemu unaposema shida yenu ni kukosa websaiti. Shida uliyoiandika ni kwamba mawasiliano yote ya jarida yanaishi ndani ya imeili ya mtu mmoja, kwenye simu yake na kwenye kichwa chake. Websaiti nzuri yenye picha zinazotembea haiondoi hilo hata kidogo, mtakuwa na websaiti na bado mwandishi wa Mwanza akitaka kujua mswada wake umefikia wapi itabidi ampigie profesa. Kwahiyo ukiniuliza kuhamia mtandaoni maana yake nini, mimi nitakwambia maana yake ni kwamba barua za jarida ziwe mali ya chama, zikae mahali ambapo mhariri akibadilika, akisafiri, akiugua au Mungu akimchukua, anayefuata anafungua na kukuta kila kitu. Hayo mengine ni nakshi.

Na wala usidhani hili ni tatizo letu la huku au la wazee. Jarida la Philosophical Transactions la London, ambalo ndilo jarida la kisayansi lililoishi muda mrefu kuliko yote, lilianza Machi 1665 na lilikuwa la Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko. Katibu kama wewe. Lilikuwa lake binafsi, barua za wanasayansi kutoka Ulaya zinakuja kwake, anatafsiri, anachagua, anachapa, faida yake na hasara yake. Baadhi ya barua za nje alikuwa anaagiza ziandikwe kwa Bwana Grubendol, London, ambaye hayupo, ni herufi za Oldenburg zimevurugwa tu, yani mhariri wa karne ya 17 alikuwa na akaunti feki. Mwaka 1667 Uingereza ikiwa vitani na Waholanzi wakamshuku kwa ajili ya hizo hizo barua za nje wakamweka ndani Tower of London karibu miezi miwili. Halafu 1677 akafariki ghafla. Jarida likayumba, wenzake wakajaribu kuliendeleza kidogo, likasimama kuanzia 1679 mpaka 1682 hivi. Royal Society walikuja kulichukua rasmi kuwa jarida la chama mwaka 1752. Hesabu mwenyewe hapo ni karibu miaka tisini ya jarida maarufu kuwa la chama kwa jina tu.

Sasa nyie hamna miaka tisini, tufanye hivi.

Kitu cha kwanza kununua ni domeini, yani jina la anwani yenu mtandaoni, na ni bei ndogo sana ukilinganisha na hiyo milioni nne. Kwa chama kama chenu .or.tz ndo inafaa, inapatikana kwa wasajili walioidhinishwa. Muhimu sio jina litakuwaje, muhimu imesajiliwa kwa jina la nani. Isajiliwe kwa jina la chama, imeili ya msajiliwa iwe ya chama, namba ya simu iwe ya ofisi, na risiti ikae kwa mweka hazina. Usikubali kijana wa IT asajili kwa jina lake "ili kurahisisha", hata kama ni mtoto wa dada yako, hiyo ni sawa na kujenga nyumba kwenye kiwanja ambacho hati ina jina la fundi. Na ilipiwe miaka kadhaa kwa mpigo kama mnaweza, na tarehe ya kuisha iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, sio kwenye simu ya mtu.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu kazi yao ni kuvizia domeini za majarida zikiisha muda. Mwaka 2015 mwandishi wa habari wa jarida la Science, John Bohannon, aliandika jinsi majarida yanavyotekwa, na kuonesha ilivyo rahisi yeye mwenyewe alinunua domeini ya jarida moja la sanaa la Croatia ambayo wenyewe walikuwa wameiacha. Alifanya kwa ajili ya makala. Wengine wanafanya ili wapate hela, wanaweka websaiti inayofanana na yenu, jina lenu, ISSN yenu (namba ya kutambulisha jarida), wanapokea miswada na kutoza ada kwa waandishi wa nchi za mbali ambao hawatajua kamwe kwamba chama chenu kipo Morogoro na hakijawahi kuwaandikia. Mkija kushtuka sifa ya miaka arobaini imeshachafuka.

Ukishapata domeini tengeneza imeili za vyeo, sio za watu. Mhariri@, katibu@, mauzo@ kama mnauza nakala. Mhariri akibadilika mnabadili paswedi, anwani inabaki ile ile. Paswedi za juu zijulikane na watu wawili au watatu mliokubaliana kwenye kikao na ziwekwe uthibitisho wa hatua mbili, lakini hiyo hatua ya pili isiende kwenye simu ya mtu mmoja tu maana hapo tumerudi kwa Oldenburg.

Halafu kuna profesa. Hapa ndo penye kazi kubwa kuliko teknolojia yote na naona watu wengi wanaharakisha. Huyu mzee amelibeba jarida mgongoni, bila mshahara nina hakika, na sasa mkutano mkuu umepitisha azimio ambalo akilisikia kwa masikio yake linasema "tunakunyang'anya". Usimtumie barua. Nenda kwake, wewe na mwenyekiti, mkakae. Mwombeni vitu vitatu tu. Cha kwanza orodha ya miswada iliyopo mkononi sasa hivi: jina la mwandishi, kichwa, tarehe ilipoingia, ipo kwa mhakiki gani, uamuzi gani umetoka. Kaa nae na laptopu uijaze wewe kwenye Eksel huku yeye anasimulia, mchana mmoja au miwili inatosha. Cha pili barua za jarida zilizopo kwenye imeili yake, zile za jarida tu. Kama anatumia Gmail anaweza kuziwekea lebo na kuzipakua kwa huduma yao ya Takeout, za familia yake na za hospitali hazituhusu na mumwambie hivyo kwa mdomo kabisa. Cha tatu, awashe kusambaza, yani barua ikija kwake kuhusu jarida inaenda yenyewe kwenye imeili mpya ya mhariri, na iendelee hivyo kwa miaka, sio miezi. Anwani yake imechapwa kwenye kila toleo mlilotoa tangu dunia ianze kutumia imeili, ipo kwenye maktaba za nje, kuna mtu 2029 atafungua nakala ya zamani atamwandikia.

Na mpeni cheo. Mhariri mshauri, mhariri mwanzilishi, chochote chenye heshima ya kweli, na awe na akaunti kwenye mfumo mpya hata kama hataingia.

Tukija kwenye mfumo wenyewe, huna haja ya kuumiza kichwa kutafuta. Upo OJS, kirefu chake Open Journal Systems, ni programu ya bure iliyotengenezwa na Public Knowledge Project (PKP) huko Kanada, mradi ulioanzishwa na John Willinsky mwaka 1998 akiwa Chuo Kikuu cha British Columbia, na programu yenyewe ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hesabu iliyofanywa kwa mwaka 2020 ilikuta majarida zaidi ya 25,000 yanayofanya kazi yanatumia OJS na mengi sana kati yake yapo nchi zetu hizi za Kusini, kwahiyo ukikwama kuna mtu kashakwama hapo kabla yako na kaandika dawa. Inachofanya ni hicho hicho anachofanya profesa: mwandishi anapakia mswada, mhariri anauona, anachagua wahakiki, mfumo unawaandikia, majibu yanarudi pale pale, uamuzi unatoka, mswada unaenda kwenye usanifu, unachapishwa. Tofauti ni kwamba kila barua inabaki kwenye faili la mswada husika na tarehe yake. Mwandishi akilalamika miaka miwili baadae kwamba mlimkataa kwa chuki, mnafungua mnamwonesha.

Kama kuendesha seva yenu kunawatisha, na kwa chama cha watu mia mbili kunapaswa kuwatisha kidogo, kuna njia mbili. Mnaweza kuomba chuo kilicho karibu nanyi kiwahifadhi, vyuo vingi vya Tanzania tayari vina OJS ya majarida yao, Dar es Salaam wanayo, na kuongeza jarida moja zaidi kwenye mfumo uliopo sio kazi kubwa, ila muandikishane mkataba wa kurasa chache unaosema data ni za chama na mkitaka kuondoka mnapewa zote. Njia ya pili ni AJOL, African Journals Online. Walianza 1998 chini ya shirika la INASP la Uingereza kama jaribio dogo, tangu 2005 wanaendeshwa kutoka Afrika Kusini, na wana mamia ya majarida ya bara hili. Wao wanawaweka muonekane na kuna vigezo vyao vya ubora vinaitwa JPPS, vilianza 2017 kwa kushirikiana na INASP, jarida linapewa nyota kuanzia sifuri mpaka tatu. Mimi nakushauri hata kama hamuendi AJOL leo chukueni hivyo vigezo mvisome kwenye kikao cha wahariri, mtagundua mambo ambayo mnayafanya miaka yote ila hamjawahi kuyaandika popote, mfano mswada unahakikiwa na watu wangapi na nani anaamua wakipingana.

Mifano ya karibu ipo, nenda kaangalie. Zanzibar pale kuna WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi, kimeanzishwa 1993 na jarida lao la sayansi ya bahari lilianza 2002, linasomeka AJOL bure. Nairobi kuna chama cha historia asilia kilichoanzishwa 1909, leo kinaitwa Nature Kenya, jarida lake lilianza 1910 na sasa linatoka kielektroniki kupitia BioOne, mtandao wa majarida ya biolojia, na kamati yao ya ndege ina jarida lake linaitwa Scopus tangu 1977, nalo lipo AJOL. Hilo jina ni la kisayansi la yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo anayejenga kiota kikubwa kama tanuri, wala halihusiani na ile Scopus ya kampuni ya Elsevier iliyokuja 2004, hazina ya data inayoorodhesha makala za kisayansi, ingawa nina uhakika kuna mtu kwenye kamati ya kupandisha vyeo mahali fulani ameshawahi kuchanganya.

Sasa nikupe tahadhari ambayo hakuna kijana wa IT atakwambia siku ya kwanza, na ndiyo inayoua mifumo hii kuliko ukosefu wa umeme. Imeili za OJS zinaenda kwenye spamu. Mnafunga mfumo, mnamchagua mhakiki, mfumo unasema barua imetumwa, wiki sita zinapita kimya, mnamlaumu mhakiki, kumbe hajawahi kuiona. Sababu ni kwamba seva ya bei rahisi inatuma barua kwa jina la domeini yenu bila kithibitisho chochote na Gmail anaona huyu ni tapeli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, anayetuma lazima awe na angalau rekodi ya SPF au DKIM kwenye domeini yake, yani vithibitisho kwamba barua kweli imetoka kwake, na wanaotuma barua nyingi sana wanatakiwa wawe na zote mbili pamoja na DMARC, inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje. Nyie wekeni zote tatu tu hata kama hamtumi nyingi. Ni mistari michache inaandikwa kwenye mipangilio ya domeini, anayejua anaifanya kabla chai haijapoa. Na mfumo utume kupitia SMTP (njia ya kutuma barua) ya akaunti halisi ya imeili ya chama, sio kupitia njia ya kawaida ya seva. Kabla ya kutangaza chochote fungueni akaunti za majaribio, moja Gmail, moja Yahoo, moja ya chuo, tumeni barua za mfumo kote muone zinatua wapi. Zikitua spamu msizindue, hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa.

Wazee sasa. Kwanza tuwatendee haki, wengi wao hawaogopi mtandao, wanakerwa na jinsi mtandao unavyoongea nao. Barua za OJS zinazokuja na programu zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisi, fupi, kavu. Fikiria profesa wa miaka sabini na mbili, mtu aliyekufundisha wewe na mimi, anaamka asubuhi anakuta barua inamwambia amechelewa, bonyeza hapa. Hata mimi nisingebonyeza. Zile barua zote zinabadilishika, kuna sehemu ya violezo, kaeni mziandike upya kwa lugha ambayo nyie mngemwandikia mtu mnayemheshimu, Kiswahili au Kiingereza kutegemea anayeandikiwa, na ya kumkumbusha mhakiki iandikwe kwa uangalifu kuliko zote. Ile ya kukumbusha yenyewe izimeni kwa miezi ya kwanza. Utaratibu uwe hivi: mhariri anampigia mhakiki simu kwanza, shikamoo profesa, habari za nyumbani, kuna mswada unahusu eneo lako, nikutumie? Akisema tuma, ndo mfumo unatuma. Simu ni ya adabu, mfumo ni wa kumbukumbu, kila kimoja kifanye kazi yake.

Halafu OJS ina kitu kizuri cha kumpa mhakiki kiungo ambacho akikibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye mswada bila kuandika jina wala paswedi. Kiwasheni siku ya kwanza. Nusu ya malalamiko ya wazee huwa ni paswedi.

Na atakayekataa kabisa, atakayesema mimi nataka karatasi nitaandika kwa kalamu pembeni, mpeni karatasi. Msaidizi wa mhariri anachapa mswada, anampelekea, anakwenda kuuchukua, anauskani anaupakia kwenye mfumo kwa niaba yake. Vivyo hivyo mwandishi wa wilayani anayetuma mswada kwa imeili kwa sababu bando limemshinda au fomu imekataa, msimrudishe na maelekezo ya kurasa nne, mpakieni nyie, mjulisheni, endeleeni. Hapa nchini tusisahau kwamba Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ilikuwa ya kuvizia kwa siku kadhaa, kwahiyo njia ya pembeni lazima iwepo. Ila njia zote ziishie kwenye mfumo. Ndo sharti pekee ambalo ningekuwa mkali nalo, kwa mzee na kwa kijana.

Ukali huo huo uelekezeni WhatsApp, ambayo naamini mnayo ingawa hukuitaja. Grupu la kamati ya uhariri ni zuri kwa kupanga vikao na kupongezana. Lakini uamuzi wa mswada ukifanyika mle hauna faili, hauna tarehe inayotafutika, na mtu akibadilisha simu umepotea. Kubwa zaidi ni siri. Chama cha watu mia mbili, kila mtu anamjua kila mtu, mnajadili mswada wa fulani kwenye grupu na fulani mwenyewe yumo au mke wake yumo. Katazeni majina ya waandishi na wahakiki kutajwa mle. Hapo hapo kwenye mambo ya siri, faili la Word linabeba jina la mwandishi kwenye sifa zake za ndani hata kama amelifuta ukurasa wa kwanza, na mhakiki akiweka maoni pembeni jina lake linatokea. Msaidizi wa mhariri afundishwe kuyaondoa kabla faili halijaenda popote, kwa pande zote mbili.

Tarehe ya kuhama wekeni moja na iwe ya wazi. Miswada iliyoingia kabla ya hapo inamalizika kwa njia ya zamani mpaka mwisho, iliyoingia baada ya hapo ni mfumo tu. Kuiingiza ya zamani katikati ya safari inachanganya waandishi na wahakiki na hamtapata faida yoyote.

Mambo ya namba nitayapita haraka. Toleo la mtandaoni linahitaji ISSN yake tofauti na ile ya karatasi, yenu ya karatasi nakisia inaanza na 0856 kama nyingi za Tanzania, kaulizeni Bodi ya Huduma za Maktaba. DOI, yani namba ya kudumu ya kila makala inayomfikisha msomaji ilipo, mnapata kwa kuwa wanachama wa shirika la Crossref, na kuna mpango wao ulioanza Januari 2023 unaoondoa ada kwa mashirika ya nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo, kwahiyo mtu akikwambia DOI ni ghali muulize taarifa yake ni ya mwaka gani. Ila msichukue DOI kabla domeini haijatulia, maana DOI ni ahadi kwamba kiungo hakitakufa na kila mkihama mnapaswa kwenda kurekebisha. ORCID za waandishi, yani namba za kumtambulisha kila mtafiti, ombeni, ni bure. Leseni chagueni CC BY, inayoruhusu yeyote kutumia makala mradi amtaje mwandishi, kama hamna sababu ya maana ya kukataa, na iandikwe juu ya kila makala, sio kwenye ukurasa mmoja wa websaiti ambao hakuna anayeufungua.

Kuhifadhi je? Watu wanadhani kitu kikiwa mtandaoni kimehifadhiwa. Watafiti watatu, Laakso, Matthias na Jahn, walifuatilia majarida ya wazi, yani yanayosomwa bure mtandaoni, wakakuta 174 yaliyofutika kabisa kwenye mtandao kati ya 2000 na 2019, kutoka fani zote na kila pembe ya dunia. Hayakuchomwa moto, yaliachwa tu: hosti hakulipwa, mhariri kastaafu, chuo kimebadilisha websaiti. Dawa ni nakala nyingi sehemu nyingi. PKP wana mtandao wao wa kuhifadhi majarida ya OJS, unatumia teknolojia ya LOCKSS iliyotoka Stanford, haulipiwi, ni kuwasha tu na kukubali masharti, sharti mojawapo ni kuwa na ISSN. Washeni. Na bado kila toleo likitoka nakala ya PDF zote iende kwenye diski inayokaa kwa mweka hazina, na nyingine maktaba ya chuo.

Juzuu za zamani za tangu themanini msizikimbilie mwaka huu. Skani ni kazi ya mikono na inakula muda kuliko mnavyodhani, na kuna suala la haki za waandishi ambao hawakuwahi kuulizwa. Ila hakikisheni leo kwamba kuna seti moja kamili mahali, msiazimishe mtu. Nimeona vyama vikianza kuskani ndo wanagundua juzuu ya tatu hakuna hata mmoja anayo.

Kuna sheria pia. Mtakuwa mnatunza majina, simu, imeili na mahali pa kazi pa watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Mkamuulize mwanasheria mwanachama, najua hamkosi mmoja aliyeoa au kuolewa na mwanachama. Na kama mnatoza ada ya kurasa, malipo yaende akaunti ya benki au Lipa Namba yenye jina la chama, iandikwe sehemu moja tu kwenye websaiti, na kila barua ya kukubali mswada iseme kwamba hatutakutumia namba nyingine kwa imeili wala kwa simu. Matapeli wanasoma majarida pia.

Kuhusu karatasi, kwenye mkutano wenu naamini kuna mtu alisimama akauliza kwahiyo nakala zetu ndo basi? Sio lazima. Chapeni chache, za wanachama watakaojiandikisha na kulipia, za maktaba na zile ambazo sheria inataka mchapishaji aziwasilishe. Wanachama wengine watumiwe imeili fupi kila toleo likitoka, yaliyomo na viungo, sio PDF ya megabaiti arobaini inayomaliza bando la mtu wa Ifakara. Na ujumbe mfupi wa simu kwa wasio na imeili, "toleo jipya limetoka, ukitaka nakala piga hapa". Mawasiliano ya wanachama ni mawasiliano ya jarida pia, mara nyingi yanasahaulika kwa sababu kila mtu anawafikiria waandishi tu.

Turudi kwa kijana na milioni nne zake. Simfahamu na sitaki kumharibia, na kazi ya kufunga OJS vizuri inastahili malipo. Ila mkataba useme anafunga nini: OJS toleo linaloendelea kupewa matengenezo ya usalama, SMTP pamoja na SPF, DKIM na DMARC zilizojaribiwa mbele yenu, bakapu ya kila wiki inayokwenda nje ya seva hiyo, mafunzo kwa msaidizi wa mhariri na mtu mwingine mmoja, na kuboresha mfumo angalau mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu kwa bei iliyoandikwa, maana OJS ya zamani isiyoboreshwa inadukuliwa, mtaamka siku moja jarida lenu la sayansi linatangaza kamari. Paswedi zote za juu anakabidhi kwa maandishi siku ya mwisho, na malipo ya mwisho yanatoka baada ya hapo. Akikubali yote hayo kwa milioni nne, mpeni. Akisema bakapu na mafunzo ni nyongeza, ongeeni na chuo kwanza mjue wao wangewafanyia kwa kiasi gani, ndo mrudi kwake mkiwa na bei ya kulinganisha.

Wiki hii wewe fanya viwili tu dada: domeini kwa jina la chama, na miadi ya kwenda kwa profesa. Ukipiga simu ya miadi usimtajie mfumo, mwambie mnakuja kumsalimia na kuongea habari za jarida, na uende na laptopu ikiwa na chaji.